Rili za Bwawani Zilipokwenda Baharini

Ndanu na Musyoki, nyinyi ndio mnakalia benchi langu sasa, kwa hivyo haya nawaandikia nyinyi. Mshahara sitautaja kwa sababu haukuwa wa kutajwa. Cheo nacho sikupewa. Nilianza fundi nikamaliza fundi, tofauti ni kwamba mwanzoni niliitwa Kalekye na mwishoni nikaitwa Susu, yaani bibi kwa Kikamba. Shule niliachia darasa la tatu huko Migwani, mwalimu wetu akiwa Bi Rael Mbula, kwa hivyo mkiona maneno yamekaa vibaya yarekebisheni kimoyomoyo mwendelee na safari.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kilonzo wa Matinyani. Alikuwa fundi wa cherehani, na kibanda chake kilikuwa Kitui mjini, nyuma ya duka la nguo la Mama Mwikali. Mimi nilienda pale kama mteja, nimebeba cherehani ya shangazi yangu Katunge iliyokuwa inakata uzi. Nikakaa kwenye gogo nikimwangalia. Akafungua, akapoteza skrubu, akatafuta kila mahali akinung'unika. Nikamwambia iko chini ya goti lako, mzee. Akaichukua, akaniangalia sana, akasema kesho nije mapema. Hayo ndiyo mahojiano yangu ya kazi, sikufanya mengine maishani.

Siku ya kwanza alinipa sahani ya bati na mashine mbovu. Sheria yake ilikuwa sahani moja, mashine moja. Kila unachotoa ndani kinalala kwenye sahani hiyo, kwa mpangilio ulivyokitoa, na sahani ya mwenzako huigusi hata ukiona nzi ameanguka humo. Nilifungua, nikasafisha, nikafunga. Kwenye sahani ikabaki skrubu moja ndogo. Nikaifunika kwa kidole. Mzee Kilonzo bila kuinua kichwa akasema, "Hiyo iliyobaki ndiyo mteja atarudi nayo." Nikafungua tena kutoka mwanzo.

Rili ya kwanza ililetwa na mwanamume aliyeitwa Wambua, mpishi wa kambi moja ya kuvulia kule bwawani, upande wa Mwingi, mahali Mto Tana umezuiwa. Wageni walikuwa wakija kambini kuvua kambare na tilapia kwa rodi, yaani fimbo zile nyembamba za kukunjika, na rili ndiyo ile mashine ndogo inayokaa kwenye rodi na kukunja mshipi. Wambua aliifungua kutoka kwenye kitambaa kama mtu anayeonyesha jino. Mzee Kilonzo akaigeuza, akasema hii haishoni. Wambua akajibu kwamba hapana, inavua, lakini Kitui nzima hakuna fundi mwingine anayejua kitu chochote kinachozunguka.

Tukaifungua. Ndani nilikuta meno, springi, mhimili na kigurudumu cha uzi, nikaona ni ndugu wa cherehani, tofauti ni kwamba huyu alikuwa ameoga matope. Mzee Kilonzo vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi za Meru. Akanisukumia sahani. Tangu siku hiyo rili zote za kambi zilikuwa zangu, yeye akabaki na cherehani zake.

Maji ya bwawani ni mapole. Rili ikianguka humo unaitoa, unaikausha, unaipaka mafuta ya cherehani kidogo, inasahau. Nilifanya kazi hiyo miaka nikidhani najua rili.

Halafu Mzee Kilonzo alifariki, na binti yangu Nduku akawa ameolewa Makueni. Nikahamia Emali, barabarani, na ndiyo mkanikuta hapa kwa Mutuku, kwenye karakana hii yenu ya baiskeli na pampu. Mutuku alinipa kona kwa sababu alinionea huruma, nadhani. Lakini watu wa Nairobi wanaokwenda pwani kuvua walikuwa wanasimama kunywa chai, wakaona kibao changu cha rili, na wakirudi wakaanza kuniachia rili zao. Hapo ndipo nilikutana na chumvi.

Nawaambia ukweli, rili ya kwanza ya baharini niliyoifungua nilidhani imejazwa unga. Ilikuwa nyeupe ndani yote. Beringi, zile pete zenye gololi, zilikuwa zimeshikana kama meno ya mtu mwenye homa. Mwenyewe alikuwa Bwana Kioko, mtu mzuri, mwalimu wa hesabu, na alinieleza kwamba aliipangusa vizuri kwa nje. Kila mtu hupangusa kwa nje. Chumvi haina shida na nje. Inaingia pale mshipi unapoingia, inakaa, maji yakikauka yenyewe inabaki, na unyevu ukirudi kesho inaamka.

Mtaulizwa sana, kwa hivyo shikeni hili. Vifaa vya maji matamu vinaweza kuvua baharini? Vinaweza. Samaki hajui rodi ilinunuliwa kwa ajili ya maji gani. Kwanza angalia pete za rodi, zile mshipi unapopita, kama zina kutu ziondoe. Ndoano za bwawani usiende nazo, baharini zinaliwa kabla samaki hajazila. Mbele ya mshipi funga kipande kinene zaidi, kwa sababu samaki wa chumvi ana meno na kuna mawe chini. Usitafute samaki mkubwa kuliko kifaa chako. Na kila jioni, bila kusema nimechoka, osha kwa maji matamu. Hiyo ya mwisho nilikuwa nawaambia wateja wote kwa maneno hayohayo, na nilidhani ni maneno yanayojitosheleza. Muthoki ndiye alinionyesha kwamba hayajitoshelezi.

Muthoki wa Kavata hamjamsahau, yule mrefu. Alikuwa mwelekezi wa wageni kule kambini bwawani. Alikuwa anajua kambare analala wapi kuliko kambare mwenyewe. Kambi ilipofungwa, mwenyewe hakuwa na cha kuwaachia wafanyakazi, akawagawia vyombo. Wambua alichukua masufuria. Muthoki alichukua rodi na rili zake, akazifunga kwa leso, na hizo ndizo zilikuwa mali yake yote duniani, pamoja na mtoto wake Mumo aliyekuwa kwa mamake Muthoki huko Migwani.

Akasikia kuna mwenye maboti pwani, upande wa Kilifi, anatafuta mtu wa kuvulisha wageni kwa rodi nyepesi kwenye mkono wa bahari, mahali maji yametulia, si kule nje kwa samaki wakubwa. Vifaa uje navyo. Mwenye maboti alikuwa Bwana Athumani, naye alisema atamjaribu kwanza, akimridhisha abaki, kama sivyo arudi kwao. Muthoki akapitia hapa Emali. Nilimkagulia kila kitu. Nikabadilisha ndoano, nikamfungia mishipi minene mbele, nikatia mafuta. Nikamwambia kila jioni, maji matamu. Akasema, "Susu, nimesikia." Na kweli alikuwa amesikia.

Haikuchukua muda akapiga simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia akanawa uso. Rili zinalia, akasema, kama cherehani isiyo na mafuta, na moja imegoma kabisa mgeni akiwa ameshika samaki, mshipi ukakatika, mgeni akamwangalia Bwana Athumani badala ya kumwangalia yeye. Bwana Athumani amempa mpaka Jumapili, kuna wageni wengine wanakuja. Nikamuuliza kama anaosha.

"Kila jioni, Susu. Kwa maji ya kununua."

Nikamweleza Mutuku. Mutuku aliniambia basi vifaa vya maji matamu ni vya maji matamu, mwache msichana arudi alime. Nduku naye akanikumbusha magoti yangu. Nikachukua bisibisi zangu na chupa ya mafuta, nikaenda.

Bwana Athumani nilimkuta kwenye boti lake amekaa ukingoni anakula chungwa. Mtu wa makamo, kofia nyeupe safi kabisa, macho ya kucheka. Aliniamkia kwa heshima, Shikamoo mama, nikaitika. Kisha akaziangalia zile rodi za Muthoki zimeegemea ubavu wa boti.

"Mama wa Kitui," akasema, "mwanao ameleta vitu vya bwawani kuvulia bahari. Kesho ataleta jembe."

"Jembe tumeliacha nyumbani, Bwana Athumani. Hii nimebeba ni bisibisi."

Akacheka, akanipa nusu ya chungwa. Lakini Jumapili hakuiondoa. Alisema wageni ndio mkate wake, na mgeni akikatikiwa mshipi mara mbili hutafuta boti lingine. Nilimwona ana haki.

Muthoki alikuwa amepanga chumba kwa mama mmoja mjane, Bi Mwanaisha. Uani kulikuwa na kisima, lakini maji yake yalikuwa ya chumvichumvi, ya kufulia na kuoshea miguu tu. Ya kunywa yaliletwa na mkokoteni, kwa mitungi. Jioni hiyo nikamwambia Muthoki afanye kama anavyofanya kila siku, asinieleze kitu, nione tu. Nikakaa kwenye kigoda.

Akatoa beseni la bluu chini ya kitanda, limefunikwa kwa sinia ili mbu wasiingie. Akalibeba kwa mikono miwili polepole, asimwage hata tone. Akafunua. Akashika rili ya kwanza, akaizamisha yote, akaizungusha ndani ya maji kama mtu anayesuuza kikombe, akaitoa, akaikung'uta juu ya beseni ili matone yarudi. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu. Alikuwa na adabu kwa zile rili kuliko watu wengi walivyo kwa watoto. Alipomaliza akarudisha sinia.

Nikamuuliza hayo ni maji ya lini.

"Ya Jumatatu, Susu. Bado ni safi, angalia, unaona mpaka chini."

Na kweli ulikuwa unaona mpaka chini. Nilichovya kidole nikalamba. Kisha nikamwambia, "Onja."

Akachovya. Akalamba. Akakaa chini kwenye sakafu, mkono bado uko mdomoni.

"Nimekuwa nikizirudisha baharini kila jioni," akasema.

Sikumcheka, na nyinyi msimcheke. Ndanu wewe umezaliwa mjini, labda utauliza ilikuwaje asifikirie. Nitakueleza. Sisi wa Migwani maji tumeyachimba mchangani kwenye mto uliokauka, tukayapandisha kwa punda. Maji yakioshea mboga yanaoshea sahani, yakioshea sahani yanaoshea miguu ya watoto, yakitoka kwa miguu yanakwenda kwa mpapai. Hakuna mtu wa kwetu anayemwaga maji yanayoonekana safi. Mkono wenyewe unakataa. Na mimi nilipomwambia osha kwa maji matamu, yeye alinunua maji matamu, akayatunza kama alivyolelewa kuyatunza. Siku ya kwanza yalikuwa matamu kweli. Jioni baada ya jioni rili ziliacha chumvi yao humo, na joto la mchana likayapunguza yakazidi kukolea.

Sasa shida zilikuwa mbili. Kwanza zile rili. Pili, hata nikizitengeneza, atapata wapi maji mapya ya kuoshea kila rili kila jioni, na bei ya mtungi mmoja ni chakula cha siku?

Kesho yake asubuhi tulianza na rili. Niliomba sahani kwa Bi Mwanaisha, akanipa zile za maua alizowekea wageni, kwa sababu nyingine hakuwa nazo za kutosha. Sahani moja, mashine moja. Nikazipanga mkekani uani, nikafungua zote. Muthoki alisugua kwa mswaki na mafuta ya taa, mimi nikapanga. Bi Mwanaisha alipita akaona matumbo ya rili yamelala kwenye maua ya sahani zake, akasema, "Mama Kalekye, hicho ni chakula gani mnapika?" Nikamwambia ni chakula cha Muthoki cha mwaka mzima, bado hakijaiva. Akaenda akarudi na chai.

Moja ilikuwa imekufa, ile iliyogoma. Sikumficha Muthoki. Tukachukua springi yake na mpini wake tukawapa wenzake. Nilikuwa karibu kutia mafuta yangu ya cherehani wakati Bwana Athumani aliingia uani, akachuchumaa, akainusa chupa yangu. Akasema mafuta haya ni mazuri kwa mashine iliyo chini ya paa, lakini chumvi itayanywa kwa siku mbili. Akatuma kwake ikaletwa grisi nzito, ya bluu, anayoweka kwenye rili zake kubwa. Akanionyesha pa kuitia na pa kutoitia. Nilishukuru, na tangu siku hiyo nanunua hiyo tu. Ndiyo ile iliyo kwenye rafu ya juu, Musyoki, usiipake minyororo ya baiskeli.

Jambo la maji nalo lilijibiwa na choo. Niliinuka kwenda chooni kwa Bi Mwanaisha, nikatoka nikitafuta pa kunawa, mkono wangu ukatafuta wenyewe ule mtungi wa kwetu, ule wa kutundikwa mtini, wenye tundu dogo, na kamba yenye kijiti cha kukanyaga chini. Kila shule ya Kitui iko nao. Hapa haukuwepo. Nikarudi nikimwita Muthoki alete mtungi mdogo na msumari.

Tuliutundika kwenye mwarobaini wa uani. Ukikanyaga kijiti, mtungi unainama, maji yanatoka membamba kama uzi. Kwanza kaza breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo, ili maji yasiingie kati ya sahani zake za ndani. Kisha pitisha rili chini ya ule uzi wa maji, izungushe taratibu, pande zote. Usitumie maji ya nguvu, yanasukuma chumvi ndani. Kikombe kimoja kinatosha rili moja. Pangusa, legeza breki, ilale kivulini imelegea mpaka asubuhi. Muthoki alielewa mara moja. Halafu nikamwona anasogeza beseni kwa mguu, taratibu, kulitega chini ya matone.

"Muthoki."

"Susu, ni ya kuoshea miguu tu."

Nililipindua lile beseni nikalikalia. Hapo ndipo alicheka, mara ya kwanza tangu nifike. Nikamwambia kinachodondoka hapa si maji, ni chumvi inayokwenda zake, iache ipite. Alitazama ile ardhi ikinywa, na najua ilimuuma.

Jumapili wageni walikuja, mume na mke na mama mkwe. Mimi botini sipandi. Sijui kuogelea, na bahari haina ng'ambo ya kuonekana. Nilikaa kwenye kivuli cha nyavu na Bi Mwanaisha, ambaye alinisimulia ndoa zake zote mbili, na sikuweza kufuata hata moja vizuri, macho yalikuwa kwenye boti. Lilikuwa limesimama mkono wa bahari, dogo kama punje. Mara moja niliona rodi imepinda yote, nikasimama. Ilikaa imepinda muda mrefu. Bi Mwanaisha akanivuta nguo nikae.

Waliporudi, mama mkwe ndiye alishuka wa kwanza, ameshika samaki, kolekole mzuri, mnene, wa kung'aa, na hakutaka mtu yeyote amsaidie kumbeba. Muthoki alikuwa nyuma na rodi zote mabegani. Hakuniangalia. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye mwarobaini, nikasikia kijiti kinakanyagwa.

Bwana Athumani alisimama karibu yangu akimtazama kwa mbali. Akasema ile rili ilipiga kelele nzuri, kelele ya kutoa mshipi, si ya kulia. Akaniuliza kama huyu msichana ana mtoto, nikasema anaye, Mumo. Akasema basi kuna shule pale juu barabarani, amlete muhula ukianza. Hakusema lingine kuhusu kazi, wala Muthoki hakuuliza lingine.

Niliporudi Emali nilibadilisha maneno yangu kwa wateja. Sisemi tena osha kwa maji matamu. Nasema maji matamu yanayopita, na uyaache yaende. Nanyi semeni hivyohivyo. Na mteja akikwambia huwa anaosha, muulize anaosha vipi, akuonyeshe kwa mikono. Simu haina mikono.

Nimewaachia benchi macho yangu yalipofika mwisho. Skrubu ndogo siku hizi naziona mbili, na zote mbili hazipo ninaposhika. Siku ya kuniaga mlinipikia pilau, Mutuku akaomba sala ndefu, na Muthoki akatoka pwani na Mumo, ambaye amekuwa mrefu kama mama yake na anaongea Kiswahili cha kule mpaka tunaona aibu kufungua mdomo. Ndanu, unakumbuka alinipa kitu kimefungwa kwa leso. Ilikuwa ile rili ya kijani, mojawapo ya zile za kambini. Alisema haina ubovu wowote, ameniletea niione tu.

Niliizungusha, ikazunguka kama maji. Halafu nikaiweka ulimini. Nilikuona, Ndanu, ukimtazama Musyoki kwamba sasa uzee umefika kichwani. Nilikuwa naonja. Ilikuwa na ladha ya chuma na grisi kidogo, basi.

"Haina kitu," nikamwambia Muthoki.

"Najua, Susu. Huwa naziramba kila jioni."